Miaka 29 kwa mwajiri mmoja: nianze kuihesabu wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, mwaka 1996 niliingia kiwanda cha unga hapa Lubumbashi kama kibarua, nikidhani ni kwa miezi mitatu tu. Sikutoka tena. Nimebeba magunia, nikawa karani wa depo, leo ndimi mkubwa wa depo. Mwaka 2008 kiwanda kiliuzwa kwa mwenye mwingine. Nina miaka 58. Nikitazama nyuma sioni mpango wowote, na makaratasi yangu yametawanyika. Nifanye nini kabla ya kufika 60? (Baba wa Katuba)

JIBU: Baba, mpango hukuwa nao, lakini miezi unayo, na CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inahesabu miezi. Pensheni ya uzeeni inadai uwe na miaka 60, miezi 180 iliyotangazwa (yaani mwajiri aliiandikisha CNSS), na uwe umeacha kazi ya mshahara. Kwa miaka 29 ungesema umevuka mbali. Tatizo ni hilo la kutangazwa: miezi ya ukibarua mara nyingi haikuandikwa popote, na wapo waajiri waliokata fedha bila kuzifikisha. Kwenye karatasi ya mshahara tafuta mstari wa CNSS (zamani INSS). Mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri hulipa 13 juu yake.

Chukua daftari, piga safu nne: mwezi na mwaka, kazi uliyofanya, jina la mwajiri kama lilivyoandikwa wakati ule, na ushahidi ulio nao. Anza na mwaka huu urudi nyuma. Pasipo na ushahidi acha wazi, usikisie. Karatasi za 1996 na 1997 zimeandikwa zaïre mpya, fedha iliyokufa baada ya faranga kuingia 1998, lakini usizitupe: zinathibitisha miezi. Kisha peleka nakala CNSS, uombe orodha ya miezi iliyoandikwa kwenye namba yako, uilinganishe na daftari. Fanya hivyo sasa, wakati wenzako wanaoweza kukushuhudia wangali hai.

Jina ndilo linalowakwamisha wazee wengi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo. Yaliporudi, mtu alibaki na karatasi ambazo karani anaziona kama za watu wawili. Linganisha herufi kwa herufi, na tofauti yoyote uirekebishe kabla ya kuomba pensheni.

Kuuzwa kwa kiwanda hakukurudishi kwenye sifuri. Kifungu cha 80 cha Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 kinasema mikataba iliyopo inaendelea na mwajiri mpya. Hesabu mwenyewe uone uzito wake. Ukiachishwa bila kosa, preavi (muda wa taarifa kabla ya kuachishwa) ni siku 14 za kazi, pamoja na 7 kwa kila mwaka kamili: kwako ni 217. Ukisaini karatasi inayosema ulianza 2008, zinabaki 133. Likizo nayo huongezeka siku moja kila miaka mitano. Kwa kiwango cha chini cha sheria, yako ni siku 17 za kazi kwa mwaka. Mkataba ukiisha, mwajiri ana siku mbili za kazi kukupa cheti chenye aina ya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba yako ya CNSS. Isome ile tarehe ya kuanza kabla hujatoka ofisini.

Kuhusu kutoona mpango: ile safu ya pili ya daftari itakuonyesha ulichojifunza mwaka baada ya mwaka, na hicho uwaachie vijana kwa maandishi. Usiandike "tunza unga vizuri". Andika: magunia juu ya paleti, nusu mita kutoka ukutani, lililotangulia kuingia litangulie kutoka, na Novemba hadi Machi kagua safu ya chini kila siku, maana unyevu huanzia huko. Maarifa ya namna hii ni mali ya kweli, na inauma kuona yanaondoka na mzee siku anapokabidhi funguo.

SWALI: Mdogo wangu analipwa kila jioni, mwezi wa tatu sasa. Je, ana mkataba? (Dada wa Kamalondo)

JIBU: Akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu ana mkataba usio na kikomo. Aandike kila siku aliyofanya kazi na fedha aliyopokea. Mwajiri akikana, aende kwanza kwa mkaguzi wa kazi, kwa sababu mahakama haipokei kesi isiyopitia usuluhishi huo. Asikawie: madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja.