Kutafsiri "time" kwa Kiitaliano na Kihispania: anzia Kiswahili

Mkuu, umeuliza kwa nini programu ya kutafsiri inakupa maneno matatu ya Kiitaliano kwa neno moja la Kiingereza, time, na Kihispania nacho vivyo hivyo. Mimi naongoza wageni Kiwengwa, Zanzibar, Waitaliano wengi na Wahispania kiasi. Ushauri wangu: usipitie Kiingereza kabisa. Pita Kiswahili, kwa sababu sisi maneno hayo tumeshayatenganisha.

Saa ni ora kwa Kiitaliano, hora kwa Kihispania. Mara, kama katika "mara tatu", ni volta na vez: tre volte, tres veces. Wakati au muda ni tempo na tiempo. Hapo tu uwe macho, maana tempo na tiempo ni hali ya hewa pia. Mgeni akikuuliza "Che tempo fa?" anataka habari za mvua na jua, angetaka saa angesema "Che ore sono?"

Hata siku zinakubaliana nasi. Juzi ni neno moja kwa Mhispania, anteayer, na keshokutwa ni neno moja kwa Muitaliano, dopodomani. Mwingereza inabidi aizungukie kwa maneno manne.

Penye hatari hasa ni yale yanayofanana sura. Muitaliano akisema "sono pronto" yuko tayari, ondokeni. Pronto ya Mhispania ni "hivi karibuni". Aliye tayari husema "estoy listo". Ukiwa na makundi yote mawili kwenye boti moja ya kwenda kisiwa cha Mnemba, neno hilo lazima ulijue pande zote mbili.

Mañana ya Kihispania ni kesho, na ni asubuhi. Kesho asubuhi ni mañana por la mañana, wala hawajikanganyi. Tarde yao inaanza baada ya chakula cha mchana na kuingia hadi jioni, ila Muitaliano anaigawa: pomeriggio, kisha sera.

Stanotte ya Kiitaliano ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu Kiswahili kinaifungua vizuri. Inaweza kuwa usiku wa kuamkia leo au usiku wa leo. Sikiliza kitenzi: "stanotte ho dormito male" ni usiku uliokwisha, "stanotte dormo qui" ni unaokuja.

Saa za safari waandikie kwa tarakimu: 08:00 ni saa mbili yetu ya asubuhi, 20:00 saa mbili ya usiku. Ukiwaambia Waitaliano otto (nane) kwa kufikiria saa nane yetu, watafika gatini masaa sita kabla yako.