Maswali ya leba na maziwa: mfuko wa kujifungulia, maziwa ya manjano na dawa za mama mkwe

Barua za mwezi huu nyingi ni za kina mama wa uzazi wa kwanza, na moja ni ya baba, jambo lililonifurahisha. Zilizofanana nimeziunganisha. Majina nimeyaacha.

*Dada mkunga, salaam aleikum. Nina mimba ya miezi saba, ya kwanza. Mume wangu anasema hospitali ya serikali ni bure, hakuna haja ya kununua kitu. Wenzangu hapa Bombo wananiambia nisithubutu kwenda mikono mitupu. Nani anasema kweli?*

Waaleikum salaam. Mume wako ana haki kwa maneno: ada kwenye vituo vya serikali hapa Uganda zilifutwa mwaka 2001. Wenzako wana haki kwa yanayotokea usiku wa manane, wakati glavu zimekwisha na duka la dawa limefungwa. Mimi niko upande wa wenzako.

Anza na mama kit, kile kifurushi cha kujifungulia. Vituo vingine hukitoa bure, vingine huishiwa, na kwenye duka la dawa kinauzwa. Ndani utakuta kavera (karatasi ya plastiki) ya kutandika kitandani, glavu, pamba, nyembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni na kadi ya mtoto. Kavera na glavu ongeza, kwa sababu ndivyo vinavyoisha kwanza. Kisha weka leso tatu au nne, pedi kubwa, nguo mbili tatu za mtoto, kofia na soksi zake, blanketi, beseni, chupa ya chai na kikombe. Nunua kidogo kidogo, wiki hii sabuni, wiki ijayo leso, utafika mwezi wa tisa bila kukopa. Kadi yako ya kliniki na majibu ya vipimo viwe juu kabisa kwenye mfuko. Mama anayefika hana kadi anatupotezea muda tukianza kumuuliza kundi la damu huku anapiga kelele za uchungu.

Lakini mfuko ni nusu tu ya matayarisho, na ni ile nusu rahisi. Mambo matatu hayauzwi dukani. La kwanza ni mahali. Kituo cha daraja la pili kwa kawaida ni cha wagonjwa wa kutwa. Cha daraja la tatu kina chumba cha kuzalia. Cha daraja la nne ndicho kinachotakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Kama una presha, mapacha, au ulishafanyiwa upasuaji, usijipange kuzaa daraja la tatu. Wewe ni uzazi wa kwanza, kwa hiyo muulize musawo (mhudumu wa afya) wako sasa hivi, sio siku ya uchungu, wakikuhamisha utapelekwa wapi na kwa gari gani. La pili ni usafiri. Shika namba za madereva wawili, maana mmoja atakuwa amezima simu, na pesa ya safari iwekwe pembeni, isiguswe hata sukari ikiisha nyumbani. La tatu ni mtu wa kukaa na wewe: dada, mama, shangazi, yeyote asiyeogopa damu. Ni yeye atakayekimbilia maji ya moto na kumwita musawo ukishindwa kusema. Na muulize kabla kama yuko tayari kutoa damu ikihitajika.

Kama hujafikisha mahudhurio ya kliniki, endelea kwenda. Mwongozo ni mara nane katika mimba moja. Huko ndiko unapopata vidonge vya kuongeza damu, Fansidar ya kinga ya malaria, sindano ya pepopunda na chandarua. Sijui kwa nini wengi wetu tunangoja mpaka tumbo lionekane barabarani ndipo tuanze.

*Mama mkwe ameniletea dawa ya majani ya kunywa uchungu ukianza ili nizae haraka. Pia nalamba emmumbwa kila siku. Kuna ubaya? (Mukono)*

Ya kuharakisha uchungu usinywe. Baadhi ya majani hayo hufanya tumbo la uzazi kubana kwa nguvu bila kupumzika. Mtoto hukosa hewa, na tumbo lenyewe linaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kuzaa kwa upasuaji. Hospitalini dawa ya kuongeza uchungu ipo pia, lakini huingia tone kwa tone huku mtu anasikiliza moyo wa mtoto. Kikombe cha jikoni hakina kipimo. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga bila kuficha. Hatutakugombeza. Na kama tutakugombeza, bado mwambie.

Emmumbwa ni udongo, na udongo huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Mama mwenye upungufu wa damu anayelamba udongo asubuhi na kumeza kidonge jioni anajipiga vita mwenyewe. Dawa ya mama mkwe ipokee kwa heshima, mshukuru, uiweke kabatini.

*Mimi ni mwanaume, niko Arua. Mke wangu anakaribia. Nitajuaje kwamba wakati umefika, na je mwajiri wangu ananipa likizo?*

Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio: unabana, unaachia, unarudi, na kila mara unakuwa mkali zaidi hata akitembea au akilala. Ukifika kila dakika tano hivi, ondokeni. Kama kituo ni mbali ondokeni mapema zaidi. Ute wenye damu kidogo ni ishara kwamba njia inafunguka, usiogope huo.

Kuna hali ambazo hamhesabu dakika. Damu inayotiririka. Chupa ya maji imepasuka, hasa maji yakiwa ya kijani. Kichwa kinachouma vibaya pamoja na kuona maluwiluwi au uso kuvimba. Degedege. Homa. Mtoto ameacha kucheza. Kitovu au mkono umetangulia. Hapo hata kama ni saa nane ya usiku mnakwenda, na mnapiga simu kituoni mkiwa njiani. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka, kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa taifa wa 2016 hadi 189 katika ule wa 2022, lakini kutokwa na damu bado kunaua, na kunaua kwa saa, si kwa siku. Kwa hiyo baada ya kondo la nyuma kutoka msimwache peke yake. Akilowesha pedi moja baada ya nyingine, piga kelele.

Kuhusu likizo: Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku nne za kazi zenye mshahara mara mke anapojifungua, naye akiwa ameajiriwa anapata siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Siku nne ni chache. Zitumie kufua, kupika na kuzuia wageni, sio kupokea pongezi pale kwenye stejini ya boda.

*Nimezaa juzi. Maziwa ya mwanzo ni ya manjano na mazito, mama mkwe anasema ni machafu niyakamue nimwage, mtoto apewe maji ya glukosi kwanza. (Kisenyi, Kampala)*

Usimwage hata tone. Hiyo ni dang'a. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo, na imejaa kinga ambazo mtoto hajaanza kuzitengeneza mwenyewe. Pia humsaidia kutoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo. Mtoto anatakiwa kuwekwa kifuani ndani ya saa moja tangu azaliwe. Kama saa hiyo imepita, mweke sasa.

Maji ya glukosi yanamjaza, hanyonyi, matiti hayapati amri ya kutengeneza maziwa, na siku ya nne mnasema "mama hana maziwa". Maji yenyewe yanaleta kuhara. Mpaka miezi sita ni titi tu, bila maji, bila chai ya majani, hata jua la Februari likiwaka. Maziwa yana maji ya kumtosha. Mama mkwe mpe kazi nyingine. Mimi huwapa ya kumcheulisha mtoto baada ya kunyonya, wanaifanya vizuri kuliko sisi.

*Mtoto wangu ana wiki mbili, analia kila jioni na kunyonya bila kuacha. Majirani wanasema maziwa yangu ni mepesi niongeze ya kopo. Chuchu zimepasuka, nikimweka nalia na mimi. (Jinja)*

Pole sana, mama. Hapa kuna maswali mawili.

La chuchu kwanza, kwa sababu ndilo linaloharibu yote. Kaa umeegemea, na mlalishe mtoto ubavu tumbo lake likigusa tumbo lako, kichwa na mwili kwenye mstari mmoja. Pua yake iwe mbele ya chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, ungoje. Ungoje mpaka apanue mdomo kabisa, kama anayepiga mwayo, halafu mlete yeye kwenye titi, usimpelekee titi. Akishika vizuri kidevu chake kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi wa kuzunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Utasikia anameza. Akishika chuchu peke yake, mashavu yanaingia ndani, kuna mlio wa "ta ta", na wewe unaumia. Usimvute, utachanika. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, aachie, anzeni upya. Hata mara tano. Baada ya kunyonyesha, paka tone la maziwa yako kwenye chuchu, liache likauke. Kama titi ni jekundu, lina uvimbe mgumu na una homa, nenda kituoni, na endelea kunyonyesha titi hilo hilo. Kuliacha limejaa ndiko kunakolizidishia.

Sasa maziwa. Watoto wengi wa umri huo hunyonya mfululizo jioni. Wanaagiza maziwa ya kesho. Katika saa 24 mara nane hadi 12 ni kawaida, na usiku usiruke, kwa sababu homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Usipime maziwa kwa kilio, wala kwa kulainika kwa titi. Pima kwa mkojo na mizani. Kuanzia siku ya tano hivi alowe mara sita au zaidi kwa siku. Watoto hupungua uzito kidogo siku za mwanzo, lakini akifika wiki mbili awe ameshaurudisha ule wa kuzaliwa. Mpeleke apimwe wiki hii. Uzito ukiwa umerudi, majirani wako wanyamaze. Ukiwa haujarudi, musawo amwangalie akinyonya kabla ya mtu kutaja kopo.

Chakula? Kula ushibe: matoke na karanga, mukene (dagaa), dodo (mchicha), maharage, uji wa ulezi, na maji kila unapokaa kunyonyesha. Hakuna chakula cha muujiza. Supu ya kwato ni tamu, basi.

*Niko Busia, ninaishi na virusi vya UKIMWI na ninameza dawa kila siku. Naogopa kumnyonyesha. (Siri tafadhali)*

Nyonyesha, dada. Uganda ilianza mwaka 2012 kumpa kila mjamzito mwenye virusi dawa za maisha, na mama anayemeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hatari ya kumwambukiza mtoto inakuwa ndogo mno. Mtoto ana dawa yake ya maji, Nevirapine, kwa wiki sita. Wengine hupewa zaidi kulingana na hali ya mama. Akifika wiki sita anapimwa, na atapimwa tena mara kadhaa mpaka miezi 18. Miezi sita ya mwanzo usimchanganyie titi na chakula au maji, maana mchanganyiko huo ndio unaokwaruza utumbo na kufungulia njia. Siku ya kumwachisha mtapanga na kliniki yako. Dozi usiruke, hata ukivuka mpaka kwenda kwa dada yako Kenya: beba za akiba.

*Nauza nguo soko la Owino, sina bosi wala likizo. Mtoto ana miezi miwili na lazima nirudi. Nifanyeje?*

Kamua. Osha mikono, shika titi kwa kidole gumba juu na vidole chini, nyuma ya weusi. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, achia, rudia, ukizunguka. Usivute chuchu. Mwanzoni yatatoka matone, usikate tamaa, baada ya siku chache yanaruka. Weka kwenye chombo kisafi chenye kifuniko. Kwenye joto letu yatumike ndani ya saa nne, kwenye friji siku nne. Kupasha, weka chombo ndani ya maji ya moto, usichemshe maziwa yenyewe. Anayemtunza ampe kwa kikombe kidogo, mtoto ameketi, anayalamba taratibu. Chupa za chuchu za plastiki ni ngumu kusafisha na kuhara huanzia hapo. Nyonyesha kabla ya kutoka na ukirudi tu, na pale sokoni kamua angalau kila saa tatu, la sivyo yatapungua na blauzi italowa mbele ya wateja.

*Kitovu kinapakwa nini? Bibi ana majivu, jirani ana poda. (Kyegegwa)*

Majivu hapana, poda hapana, mate na kinyesi cha ng'ombe kabisa hapana. Kiache kikavu, nepi ikunjwe chini yake, na kama kituo kilikupa dawa ya kitovu itumie kama walivyokuelekeza. Kitaanguka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kikinuka, kikitoa usaha au ngozi ya kuzunguka ikiwa nyekundu, au mtoto akiacha kunyonya, akapumua haraka au akawa wa manjano mpaka viganjani, mpeleke siku hiyo hiyo. Na kama hakupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio alipozaliwa, waulize hapo hapo.