Karatasi ya ECG Saa Nane Usiku

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mtarajali katika hospitali ya mkoa. Chuoni nilikariri maumbo yote ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na mtihani nikafaulu, lakini juma lililopita, saa nane usiku, nilikabidhiwa karatasi ya mzee aliyebanwa na kifua, nikaikodolea macho nisione hata umbo moja nililolikariri. Mashine ilikuwa imechapa kwamba moyo una hitilafu. Muuguzi mzoefu akaitupia jicho, akasema nyaya za mikono zimebadilishana. Nijifunzeje kusoma kipimo hiki bila kubahatisha?

Mtarajali

JIBU: Marahaba. Kilichokukwamisha ni huko kukariri maumbo, kwa kuwa aliyeyakariri huitazama karatasi akitafuta ugonjwa anaoujua, ilhali karatasi husomwa kwa utaratibu uleule kila mara, hata inapoonekana haina neno.

Anza na jina la mgonjwa, saa, na mwendo wa karatasi. Kwa mwendo uliozoeleka wa milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni sekunde 0.2, kwa hiyo mapigo yakiwa na mpangilio, gawa 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa vilivyo kati ya kilele kimoja cha R, yaani ncha ndefu ya pigo, na kinachofuata, ambapo visanduku vinne ni mapigo 75 kwa dakika. Mapigo yakienda ovyo, kama ilivyo kwa wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, hesabu QRS, yaani michoro mikali ya vyumba vya chini vya moyo, zilizomo katika sekunde 10, kisha zidisha kwa 6. Baada ya hapo tazama wimbi P la vyumba vya juu vya moyo, nafasi ya PR (toka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS) ambayo kwa kawaida ni visanduku vidogo 3 hadi 5, na QRS isiyofikia 3, ndipo uende kwenye ST, kipande kinachofuata QRS, na wimbi T lililo baada yake. Maelezo ya mashine yafunike kwa kidole mpaka uwe umeandika ya kwako.

Muuguzi wako aliona vyema. Lidi I (kila lidi ni mchoro wa moyo kutoka pembe yake) ikipinduka chini na lidi aVR ikainuka, shuku nyaya za mikono, kisha tazama lidi za kifuani: R ikikua kama kawaida kutoka V1 kuelekea V5, kosa ni la nyaya, ikizidi kufifia, huenda moyo uko kulia. Wenye moyo wa kulia wapo, ila ni wachache kuliko madaktari waliochoka.

ST ndiyo inayotusumbua zaidi. Ikiinuka katika lidi II, III na aVF huku ikishuka katika lidi aVL, usisubiri, mwite mkubwa wako. Lakini vijana wengi wa kiume wa Kiafrika wenye afya njema huwa na ST iliyoinuka kidogo katika lidi za kifuani, na ndiyo maana nasisitiza utafute ECG ya zamani ya mgonjwa na umsikilize anavyoeleza maumivu yake. Kwa mazoezi, soma kila siku karatasi za wodini kwako, uandike tafsiri yako kabla ya kuona ya bingwa.

Na kwa mzee kama yule, nyaya zikisharekebishwa, kipimo kirudiwe papo hapo, kisha tena kila baada ya dakika 15 hadi 30 maumivu yakiendelea, kwa sababu karatasi ya kwanza inaweza kuwa safi ilhali shambulio la moyo limeshaanza.