Kabla hujaweka joto chini ya sakafu ya gari-nyumba

Baridi ya asubuhi ndani ya gari-nyumba huanzia miguuni. Hita inavuma, hewa ya juu imepata moto hadi unavua sweta, lakini ukishusha mguu kitandani unaurudisha mbio. Kwa hiyo vinaili yangu ya zamani, lile tandiko la plastiki la sakafuni, ilipoanza kujikunja pembeni na ikabidi ing'olewe, nilijua kwamba nisipoweka joto safari hiyo sitaweka tena. Nani atafumua sakafu mara mbili kwa hiari yake?

Nilianza kwa kutafuta utando wa kupasha joto, ule mwembamba wa kaboni unaopata moto kwa umeme. Nilipaswa kuanza na swali la umeme. Eneo langu la kukanyaga, ukitoa makabati na sehemu ya chini ya kitanda, lilikuwa mita 3 za mraba. Kwa wati 130 kila mita ya mraba, jumla ni wati 390. Ukitumia volti 12, hizo ni ampea 32 na ushee, muda wote utando ukiwaka. Betri ya asidi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, inakuishia kwa saa moja na nusu. Sola haikuokoi, kwa sababu siku unazotaka joto ndizo siku za jua dogo. Kwa volti 230 mzigo huohuo haufiki hata ampea 2, na kambi yoyote yenye soketi ya umeme inaumudu, hata ile ya ampea 6. Anayelala porini wiki nzima aachane na mpango huu, au aweke kipande kidogo tu mbele ya kitanda. Mimi hulala kambini zaidi, nikachagua 230.

Halafu usitegemee sakafu ikupashie gari zima. Hita za gesi za magari haya kwa kawaida huwa za wati 4,000 hadi 6,000. Wati 390 ni za kuondoa ubaridi wa miguuni. Gari lenye mfumo wa maji ya moto yanayozunguka lina njia nyingine, ya kutandaza mabomba chini, ila mabomba hula kimo na kuongeza uzito.

Vinaili ilipotoka ndipo kazi yenyewe ilipojitokeza. Sakafu ya magari mengi ya aina hii ni mkate wa tabaka tatu: plaiwudi, povu gumu, plaiwudi tena. Maji yakiingia, tabaka huachana na sakafu inabonyea ukiikanyaga. Pita polepole bila viatu karibu na mlango, bafu na matao ya magurudumu. Kwangu palibonyea mlangoni. Niliacha wazi wiki mbili pakauke, nikatoboa matundu madogo, nikaingiza gundi ya epoksi, nikapakandamiza kwa mbao na mawe hadi ikashika. Kufunika unyevu kwa kitu chenye joto ni kuulea.

Hapohapo chini utakuta matundu yenye wavu, hasa karibu na jiko na mitungi. Hayo yameachwa makusudi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini na kutokea hapo. Nilikaribia kulifunika moja kwa sababu lilikuwa limejaa vumbi nikalidhani ni kovu la skrubu. Yachore yote kwenye karatasi kabla hujaleta tabaka lolote.

Tabaka zangu zilikuwa hivi: povu gumu la kuzuia joto milimita 6, utando usiofika nusu milimita, plaiwudi ya milimita 4, kisha vinaili ya milimita 2.5. Povu usiliruke, la sivyo sehemu kubwa ya joto itaenda kupasha barabara. Jumla ni milimita 13, na ya zamani ilikuwa 2, kwa hiyo sakafu ilipanda milimita 11. Upenyo chini ya mlango wa bafu ulikuwa 8. Hesabu ya darasa la pili hiyo, na bado niliifanya baada ya gundi kukauka! Niliung'oa mlango nikaukata kwa msumeno nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya gari, nikijisema mwenyewe.

Kuhusu waya sina mzaha. Kazi ya volti 230 ikaguliwe na fundi umeme mwenye leseni, iwe na waya wa ardhi na swichi ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Mwenye volti 12 aweke fyuzi karibu kabisa na betri na atumie waya mnene. Kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa utando, ukichukue mara tatu: kabla ya kutandaza, baada ya kutandaza, na baada ya kufunika. Utando wangu ulitakiwa kusoma karibu omu 136. Namba ikibadilika kabla ya kufunika, unafunua tu. Baada ya vinaili ni kilio. Kitako cha mguu wa meza kipangie mahali pasipo na utando, kwa sababu skrubu moja inatosha kuharibu kila kitu.

Kihisi cha joto kipitishe ndani ya kijibomba, kikifa ukivute na kuingiza kingine. Vinaili nyingi hazitaki kuzidi nyuzi 27, soma maelezo ya yako na gundi yake. Mimi nimeweka thamostati kwenye 24, inajiwasha nusu saa kabla sijaamka. Kijizulia nilichokuwa nakipenda pale kitandani nilikiondoa, kwa sababu kilifungia joto chini yake na vinaili ikaanza kulainika.