Ramani inasema bundi yupo shambani kwetu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Watafiti walikuja kijijini kwetu, chini ya milima ya Usambara Mashariki, wakatuonyesha ramani ya rangi. Shamba letu la michungwa na mdalasini limepakwa nyekundu, wakasema panafaa bundi wa Sokoke. Nimezaliwa hapa na sijawahi kumwona. Kompyuta imemwonaje? Tutahamishwa?
Mama wa watoto watatu, Muheza

JIBU: Marahaba, mama. Kompyuta haijamwona. Hupewa mahali bundi alipowahi kuonekana au kusikika, ikaangalia mvua, joto, mwinuko na uoto wa hapo, kisha ikatafuta kwingine kunakofanana. Nyekundu maana yake "panafanana", si "yupo".

Bundi huyu amenifundisha uangalifu. Aligunduliwa mwaka 1965 katika msitu wa Sokoke, Kenya, akajulikana kuwa ndege wa msitu mkavu wa udongo mwekundu. Mwaka 1992 akapatikana Usambara, kwenye msitu wenye mvua nyingi! Kwa kumbukumbu za Sokoke peke yake, ramani ingeweza kuiruka milima yenu kabisa. Ramani yangu ya kwanza nayo ilifuata barabara, kwa sababu ndiko nilikosikiliza. Ilinibidi nirudi kutembea mabondeni usiku, na sehemu kubwa ya ile nyekundu nikaifuta.

Kutomwona si ajabu. Ana sentimita 16 hivi, na mchana hujibanza kwenye majani. Hutambulika kwa sauti yake, mluzi laini unaorudiwarudiwa. Mkimsikia msimtupie mawe, tafadhali. Haleti msiba, na hapatikani popote duniani ila Kenya na Tanzania.

Kuhusu kuhamishwa: ramani ile si tangazo la serikali. Ila usiipuuze. Programu za kuchagua maeneo ya kuhifadhi huwekewa gharama ya kila kipande cha ardhi, na shamba lako likiandikwa sifuri, kompyuta italichagua kwanza kwa kuwa ni rahisi. Kwa hiyo mwombeni mwenyekiti awapelekee watafiti mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Waulizeni pia kama picha zao za setilaiti zinatofautisha michungwa na msitu, maana kutoka juu vyote ni kijani. Halafu waombeni walale kwenu usiku mmoja, wasikilize.