Mtoto wa bweha ukimlea kwa chupa anakuwa mbwa?

Mkuu umeuliza ukiokota kitoto cha bweha ukakilea kwa chupa kama kitakuja kulinda nyumba. Hapana, na kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa hapa Bongo.

Kijijini kwetu jirani alikuwa nae mmoja, aliletwa hata macho hajafumbua, akanyonya kwa jike la mbwa pamoja na watoto wake. Alimzoea mama mwenye nyumba tu, mgeni akipiga hodi kashazama uvunguni, na akipata mfupa usimsogelee hata kama wewe ndo umempa. Wale mbwa alonyonya nao ziwa moja muuza mkaa akija wanajilaza chali wakunwe tumbo.

Warusi walishalipima hili tangu 1959 kule Novosibirsk, Belyaev na mwenzake Lyudmila Trut, wakatumia mbweha (fox, ndugu wa bweha) wanaofugwa kwa ajili ya manyoya. Mtu anasogeza mkono bandani, anayeng'ata au kujibanza hazalishwi, anayekuja kunusa ndo anazalishwa. Hawakuwafundisha chochote, ila kizazi cha nne tu kuna vitoto vikaanza kutikisia watu mkia! Af wakawa na ukoo mwingine wa wakali tupu, wakatoa mimba changa kwa mama mkali wakapandikiza kwa mpole, vitoto vikatoka vikali vilevile. (Zile stori kwamba upole ndo uliwaletea mabaka kwenye manyoya msizimeze zote, asili yao ni mashamba ya Kanada na mabaka yalikuwepo hukohuko.)

Jeni (kinasaba anachorithi mnyama kwa wazazi) ya upole sio moja, ni nyingi. Ila 2017 watafiti walikuta mbwa wanaopenda watu kupitiliza wana mabadiliko sehemu yenye jeni ya GTF2I, na binadamu akizaliwa na upungufu sehemu hiyohiyo anapata ugonjwa wa Williams, wale watu ambao kila mgeni kwao ni rafiki. Nikamkumbuka muuza mkaa.

Sasa wale wa "chukua German Shepherd, damu itajituma yenyewe", utafiti wa 2022 wa mbwa zaidi ya 18,000 ulikuta aina ya mbwa inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Mi nikinunua naomba nimuone mama, na baba kama yupo, nasimama getini naangalia wananipokeaje. Muuzaji akisema mama yao hasogelewi naaga. Nikipata, namchukua wa wiki nane namzoesha watu, bodaboda na kelele za mtaani mapema, akifika miezi minne hajaona mtu zaidi ya mlinzi utahangaika nae sana.