Kabla hujaanza kwenda kwa mshauri nasaha hapa Dar, uliza haya kwanza

Tangu niseme wazi kwamba naenda kwa mshauri nasaha watu wananifuata pembeni, wengine wanaume wazima wenye heshima zao, wote swali ni moja tu, nimpate wapi mzuri. Jina la mtu sikupi, maana aliyenifaa mimi anaweza asikufae wewe, ila naweza kukwambia cha kuuliza kabla hujatoa hela na kabla hujatoa siri, na kwa mji wetu huu siri inatangulia hela.

Mimi nilianza baada ya mama kufariki. Msiba ukaisha, ndugu wakatawanyika, arobaini ikapita, mimi nikabaki silali, chakula hakipiti, na kazini nasoma barua moja asubuhi nzima siielewi. Shangazi akasema tuombe, tukaomba, na namshukuru mpaka leo, lakini usingizi haukurudi. Jambo la kwanza nililofanya ni kupima damu, na wewe ukiweza anza hapo, kwa sababu upungufu wa damu au tatizo la tezi ya shingo vinaweza kukuletea uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona, sasa ukakaa unaongea miezi kumbe tatizo lingine liko mwilini halijaguswa.

Haya, tuje kwenye siri. Watu wengi niliokaa nao wakaniambia ukweli, kinachowazuia sio gharama, ni hofu kwamba huyu mtu atanitangaza, na hofu hiyo siidharau hata kidogo. Dar ni kubwa kwenye ramani tu, ukiishi Sinza ukafanya kazi Posta ukasali Kijitonyama tayari umezungukwa na watu wanaojuana. Mimi nilipewa namba ya mshauri mmoja anayesifiwa sana, kabla sijampigia nikaangalia status zake za WhatsApp, nikakuta kaandika habari za mteja wake, mama wa watoto watatu, mume yuko bandarini, ana mwanamke mwingine Mbagala, na chini kaweka namba ya kulipia. Jina hakutaja, lakini jirani wa yule mama angemjua kabla hajafika mstari wa pili. Namba nikaifuta. Kwa hiyo kabla hujaenda pitia mitandao ya huyo mtu, ukiona anahadithia wateja wake, hata kwa nia ya kufundisha, ujue kesho ni wewe.

Yule niliyebaki naye alifanya kitu ambacho sasa nakitumia kama kipimo. Nilipokaa tu, nikataka kuanza kumweleza, akanisimamisha taratibu akasema, "Dada, pole sana na msiba. Kabla hujaniambia chochote, nikueleze ni wakati gani nitalazimika kuitoa siri yako." Akanitajia, nikiwa na mpango wa kujidhuru, nikiwa na mpango wa kumdhuru mtu, mahakama ikiagiza, na nikimwambia kuna mtoto anaumizwa, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa akatoe taarifa serikali za mitaa. Akaniambia pia naye ana msimamizi anayejadiliana naye kazi yake, ila jina la mteja halitajwi. Yaani mtu anakuonyesha mipaka yote kabla hujavuka mlango. Kama mshauri wako hakusema haya mwenyewe, muulize, na akikujibu "usijali, kila kitu ni siri" bila kueleza zaidi, mimi ningetafuta mwingine.

Angalia na mahali penyewe. Kuna sehemu nilikaa mapokezi nikasikia watu wanaitwa majina yao yote matatu kwa sauti, na ukuta wa chumba ni ubao, feni ikizimwa unasikia mtu analia ndani. Omba kupita kupaona kwanza, au panga saa ambayo hutakutana na watu. Wengine siku hizi wanafanya kwa simu au video, inasaidia kwa foleni za Mwenge na Ubungo, lakini kama umepanga chumba na ukuta mmoja na jirani jiulize utaongelea wapi. Kuna rafiki yangu anaenda kukaa kwenye gari la kaka yake limepaki, anafunga vioo, anaongea humo, na imemsaidia.

Elimu yake nayo uliza bila aibu. Huku kwetu kila mtu anaitwa daktari mpaka unachanganyikiwa. Daktari wa magonjwa ya akili ni mtu aliyesoma udaktari kwanza halafu akabobea kwenye akili, huyo anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea kupima na kutibu kwa mazungumzo, Chuo Kikuu cha Muhimbili wanafundisha hiyo mpaka shahada ya uzamili, ila dawa haandiki. Mshauri nasaha anaweza kuwa na shahada nzuri tu ya ushauri, na anaweza kuwa mtu aliyehudhuria semina ya siku chache akachapisha kadi, na kadi zote zinafanana. Kwa hiyo muulize umesoma wapi, mpaka kiwango gani, mazoezi ya kazi ulifanyia wapi, umewahi kufanya na watu wenye shida kama yangu. Aliyesoma hachukii hata siku moja, anakujibu na wengine wanakuonyesha cheti. Anayenuna ameshakujibu.

Muulize pia anatumia njia gani. Wengi watakwambia CBT, aina ya tiba ya mazungumzo ambayo chimbuko lake ni daktari wa Marekani Aaron Beck miaka ya 1960, inaangalia mawazo yanavyovuta hisia na hisia zinavyovuta matendo, na inakuwa na kazi za kufanya nyumbani, mara nyingi ni sesheni kati ya 6 na 20. Siku za mwanzo anaweza kukupa PHQ-9, fomu ya kupima sonona, maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, usingizi, hamu ya kula, kukata tamaa, alama zinaishia 27. Usijibu ili uonekane mzima, jibu ulivyo, maana fomu hiyo hiyo mkiirudia baadaye ndio itawaonyesha wote wawili kama mnasogea.

Hela sasa. Bei inatofautiana sana kati ya Masaki na Kinondoni na hata ndani ya mtaa mmoja, kwa hiyo uliza mapema kwa meseji, ni kiasi gani kwa sesheni, sesheni ni dakika ngapi (nyingi ni kati ya 45 na 60), nikikwama njiani nikachelewa muda wangu unaisha palepale au la, nikiahirisha nalipa. Usinunue sesheni kumi kwa mpigo eti kuna punguzo wakati hata mara moja hujakaa naye. Bima piga simu uulize wenyewe, usiamini mtu wa mapokezi. Kama uwezo ni mdogo Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu na wewe ulizia kliniki ya afya ya akili, foleni itakuwepo ila utahudumiwa.

Kitu ambacho natamani kila mtu akijue ni kwamba baada ya sesheni za mwanzo unaweza kutoka umechoka kuliko ulivyoingia. Mimi nilikuwa natoka kichwa kinauma, nikipanda mwendokasi naangalia dirishani mpaka kituo kinanipita. Kuguswa pale ulipopafunika kunauma, kwa hiyo siku hiyo usipange kikao kigumu wala usiende kwenye vikao vya harusi. Lakini uchovu huo ni tofauti na kudhalilishwa. Mshauri akikwambia vumilia ndoa ndio zilivyo wakati unamweleza unapigwa, akikulaumu, akikushika mwili, akikukopa hela, akikualika nje ya kazi, akigeuza muda wako kuwa mahubiri ambayo hukuyaomba, ondoka. Dini ina nafasi yake na wapo wanaotaka mshauri wa imani yao, ni sawa kabisa, ila liwe chaguo lako wewe.

Na kama sasa hivi mawazo ya kujiua yanakujia usisubiri miadi ya wiki ijayo, mwambie mtu mmoja unayemwamini usiku huu huu akusindikize hospitali yenye huduma ya dharura, asikuache peke yako. Kwa mtoto kuna namba 116, ni bure.

Ukiona haiendi, mpe sesheni chache, mwambie wazi kinachokukwaza, aliye vizuri atabadilisha au atakuelekeza kwa mwenzake. Isipobadilika unaacha, na huhitaji kugombana, meseji inatosha: "Habari za leo, nashukuru kwa muda wako, nimeamua kusitisha kwa sasa, naomba nakala ya taarifa zangu." Hiyo ya mwisho usiiache, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kujua anashikilia nini kuhusu wewe, na mshauri mpya akizipata hutaanza tena kuhadithia kifo cha mama yako kutoka mwanzo.